Karata na watoto: usijifanye umeshindwa

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi likizo ya Juni ikikaribia ni hili: mtoto wa miaka sita na kaka yake wa miaka kumi na moja watacheza karata gani pamoja bila nyumba kujaa vilio? Nafundisha hesabu darasa la kwanza na la pili hapa Dodoma, na pakiti ya karata hukaa kwenye mkoba wangu pamoja na chaki. Jibu langu halibadiliki. Chagua mchezo ambao bahati au kumbukumbu inafanya sehemu kubwa ya kazi, halafu mcheze kweli. Mzazi anayejifanya ameshindwa hugunduliwa mapema kuliko anavyodhani, na akishagunduliwa, mtoto haamini tena ushindi wowote anaoupata, hata ule wa haki.

Kabla ya michezo yenyewe, tumalize suala la kamari, maana bibi atauliza. Kwa watu wengi karata ni kijiwe, ni wale wa karata tatu wanaovizia abiria stendi, ni hela ya mboga iliyopotea. Sheria yetu nayo hairuhusu mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kwa hiyo hakuna dau, hata la pipi. Pipi ikiwekwa mkekani mtoto anaacha kuangalia namba, anaangalia pipi. Pointi hesabuni kwa punje za maharage, na mkimaliza maharage yarudi kwenye kopo lake.

Kama bado kuna mtu nyumbani asiyetaka kuona wale wafalme na malkia, tengenezeni zenu za manila: namba 1 hadi 10, rangi nne, jumla karata 40. Andikeni kwa kalamu ya kawaida, msitumie maka peni. Wino wa maka peni hupenya upande wa pili, na baada ya siku mbili watoto wote wanaijua saba ya bluu kwa mgongo wake. Chini ya kila namba chora vidoti vya idadi hiyo hiyo, kama karata za dukani zilivyo. Saba ya kopa ina tarakimu 7 na kopa saba katikati, kwa hiyo mtoto ambaye hajaijua tarakimu anahesabu kwa kidole na bado yumo mchezoni. Sijaona kifaa cha kufundishia hesabu chenye bei ndogo kinachofanya hivyo vizuri zaidi.

Mchezo wa kwanza ni Vita. Karata zinagawanywa sawa, kila mmoja anafunua ya juu, mwenye kubwa anazoa zote mbili. Zikilingana, kila mmoja anaongeza nyingine juu yake, na mwenye kubwa anazoa zote. Hakuna akili inayohitajika, ni bahati tupu, na ndiyo sababu profesa wa Chuo Kikuu cha Dodoma na mtoto wa chekechea wanakaa sawa. Watu wazima huuchoka kwa sababu wanautumia wote: karata 52, picha zikiwemo, mpaka mmoja akose kabisa. Unaweza kuchukua jioni nzima. Punguzeni. Kwa mtoto mdogo toa picha na zote zinazozidi 5, zibaki 20, na mzunguko mmoja ukiisha hesabuni nani ana nyingi. Akizoea, fika mpaka 10.

Utamu wa Vita uko kwenye mageuzi yake. Funueni mbili mbili, mkijumlisha: nne na sita dhidi ya tatu na nane. Kwa wa darasa la pili na la tatu kuna jingine ninalolipenda kuliko yote. Tumieni A hadi 9, A ikiwa moja. Kila mmoja anafunua mbili na anachagua ipi ikae makumi, ipi ikae mamoja. Mwenye 3 na 7 anaweza kuunda 37 au 73. Mtoto ambaye daftarini anakosea nafasi za tarakimu kila siku hatakubali kuweka 37 mezani wakati 73 inawezekana. Kisha geuzeni kanuni: namba ndogo ndiyo inayozoa. Hapo utawasikia wakinyamaza kidogo.

Mchezo wa Kumbukumbu mnaujua. Jozi zinalazwa kifudifudi kwa mistari, unafunua mbili, zikifanana unachukua na kucheza tena, zisipofanana unazirudisha palepale. Anzeni na jozi sita, yaani karata kumi na mbili, msianze na pakiti nzima. Huu ndio mchezo ambao mtoto wa miaka sita humfunga baba yake bila kusaidiwa, kwa sababu baba anawaza mambo ya ofisini. Ila huku kwetu una adui. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma haumwachi mtu, na ukipita barazani mara moja mistari yote imeharibika na kila mmoja anadai alikuwa anajua malkia yuko wapi. Mchezeeni ndani.

Mtoto akiijua hiyo, mfundishe Kumi. Ondoeni 10 na picha zote, zibaki 36. Zilazeni karata kumi na mbili zikiwa wazi, na kila mmoja kwa zamu yake anatafuta mbili zinazotimiza kumi: A na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Nafasi zilizoachwa zinajazwa kutoka kwenye rundo. Mkizimaliza zote zinatoka jozi 18 bila kubakiza hata moja. Ikibaki, kuna aliyejumlisha vibaya huko nyuma, na kumtafuta mkosaji ni somo lingine la bure. Anayejua jozi hizi tano bila kuhesabu vidole hatapata shida ya kubeba na kukopa baadaye.

Kwa familia iliyokusanyika, na bibi akiwemo, mchezo ni Nenda Mtera. Wazungu wanauita Go Fish, yaani nenda kavue, sisi tumeupa bwawa letu la Mtera. Wakiwa watatu au wanne kila mmoja anapata karata tano, wakiwa wawili saba, na zilizobaki zinamwagwa katikati kifudifudi: hilo ndilo bwawa. Unamwomba mtu mmoja namba ambayo wewe mwenyewe unayo mkononi.

"Babu, una tisa?"

"Sina, mjukuu wangu. Nenda Mtera!"

Unavua moja, zamu inapita. Akiwa nazo anakupa zote na unaendelea kuomba. Ukitimiza nne za namba moja unaziweka chini. Faida yake imejificha: babu akiombwa tisa, kila aliyesikiliza sasa anajua nani anakusanya tisa. Watoto wanaochelewa kuongea mbele ya watu huchangamka hapa, kwa kuwa sentensi ni ileile na wanaiweza. Vidole vidogo haviwezi kushika karata saba. Pindua trei tupu ya mayai, wachomeke karata kwenye mitaro yake, mgongo ukiwaelekea wengine.

Garasa ni rahisi zaidi. Toa malkia mmoja kwenye pakiti ya 52, gaweni zote 51, kila mmoja aweke chini jozi alizonazo. Halafu kila mtu kwa zamu anachomoa karata moja bila kuiona kutoka mkononi mwa jirani yake. Jozi zote 25 zikiisha, malkia mmoja anabaki bila mwenzake, na aliyebaki naye ndiye aliyelamba garasa. Hakuna mshindi, kuna mmoja tu wa kuchekwa, na zamu hiyo humfikia kila mtu. Ndio ninaoupendekeza kwa mtoto anayelia akishindwa.

Lasti kadi, ule wa kuwahi kumaliza karata mkononi, sitaifundisha, watoto wenu wanaijua kuliko mimi. Neno langu ni moja: hapa Dodoma kanuni za mtaa wa Nkuhungu si za mtaa wa Kisasa. Kabla ya kugawa, semeni kwa sauti karata ipi inalambisha, yaani inamwokotesha mwenzako, ipi inaruka mtu na ipi inabadili aina. Ugomvi mwingi ninaoletewa na wazazi unatoka hapo, wala hautoki kwenye kushindwa.

Na tofauti ya umri ikiwa kubwa mno? Punguza nguvu zako hadharani. Kwenye Lasti kadi mkubwa aanze na karata tisa, mdogo na tano. Kwenye Vita mkubwa ajumlishe karata tatu wakati mdogo anajumlisha mbili, lakini ya tatu aitoe badala ya kuiongeza. Mtoto anaona mzigo uliobeba, na akishinda ameshinda. Siku atakayosema "mama, leo tuanze sawa", mpe sawa.

Wakifika darasa la tano, tafuteni mtu wa Pwani au Zanzibar awafundishe mchezo wa wahed wa sitini. A ina pointi 11, saba 10, mfalme 4, J 3, malkia 2. Kila aina inatoa 30, jumla 120, kwa hiyo anayefikisha 61 amemaliza kazi. Kuna turufu, yaani aina inayozishinda nyingine, kuna mwenza, kuna kukumbuka kilichokwisha kutupwa. Hapo bahati inaanza kupungua na wewe mzazi jiandae kufungwa kwa haki.

Karata moja ikipotea msitupe pakiti. Ikipotea ya picha, Vita ya mamoja na makumi haijali, Kumi haijali. Akipotea malkia, Garasa iko tayari. Zikizidi tatu nunueni mpya, zile kuukuu mpeni wa chekechea azimwage mkekani na kuzikoroga kwa mikono miwili, ajifunze kuchanganya.