"Nilishamaliza Dozi": Presha na Kidonge Kisicho na Mwisho

Mama mmoja anapika chakula cha mchana jirani na kituo cha daladala Buguruni, hapa Dar es Salaam. Tulimkuta siku tuliyokuwa tunapima presha kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akiwa amekuja mbio kati ya kuinjika wali na kupakua. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Nikamwacha apumzike dakika tano, kisha nikampima. Mashine ikasoma 182 kwa 108. Nikarudia, ikashuka kidogo sana.

"Mama, umewahi kuambiwa una presha?"

"Niliambiwa mwanangu, mwaka juzi. Na dawa nikapewa."

"Sasa dawa unaendelea nazo?"

"Aa, zile nilishamaliza. Dozi nzima, sikubakiza hata kidonge."

Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kuona fahari. Mama huyu si mzembe wala mbishi. Alifanya kile ambacho sisi watu wa afya tumemfundisha tangu akiwa binti. Dawa mseto ya malaria ni siku 3, umalize hata kama homa imeshuka. Vidonge vya kifua kikuu ni miezi 6, umalize. Vya kidonda au vya kikohozi kibaya ni siku 5 au 7, umalize. Tumeyasema hayo redioni, shuleni na dirishani pa kutolea dawa, na watu wametuelewa. "Kumaliza dozi" kumekuwa alama ya mgonjwa mwema.

Shida ni kwamba dozi, kwa maana hiyo, inamhusu mdudu. Unameza, mdudu anakufa, umepona. Presha haina mdudu, na aina ya kisukari inayowapata watu wazima wengi haina pia. Chukua kidonge cha amlodipini, ambacho wengi wenye presha hapa mjini wanakifahamu. Kazi yake ni kulegeza kuta za mishipa ya damu ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu nyingi. Inalegea kwa muda ambao dawa imo mwilini. Ukiacha, dawa inatoka taratibu kwa siku kadhaa, mishipa inakaza tena, na presha inarudi ilikokuwa. Huo si ugonjwa mpya, wala haina maana dawa ilikuwa feki. Wapo wanaofanikiwa kupunguza dawa, hata kuziacha, baada ya kupunguza uzito na chumvi, lakini hilo huamuliwa na daktari kwa vipimo.

Naamini neno hili moja, "dozi", limetugharimu watu wengi, na lawama ni yetu kabla ya kuwa ya wagonjwa. Mara nyingi tunamwandikia mtu vidonge 30, tunamwambia "kimoja kila siku", tunanyamaza. Baadhi yetu tunaogopa kusema "ni dawa za maisha" tusimvunje moyo. Mtu akifika nyumbani anahesabu vidonge, anaona ni vya mwezi, na anajua mwezi ukiisha amemaliza.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya mtu 1 kati ya 4, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu, na karibu 1 kati ya 11 ana kisukari. Kuhusu kiharusi, kazi iliyofanyika kati ya 2003 na 2006 ilifuatilia wagonjwa wapya wilayani Hai, vijijini Kilimanjaro, na hapa Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 316. Karibu mara tatu. Na presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi.

Lakini utafiti ninaourudia kila mwaka ninapofundisha ni wa zamani kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima presha za maelfu ya wakazi wa jiji hili. Wakawachukua watu 161 ambao presha yao ilikuwa juu katika ziara nne mfululizo na hawakuwa kwenye matibabu. Wakawaeleza hali yao, wakawashauri waende kituo cha afya. Mwaka mmoja baadaye wakawarudia. Waliokuwa wamefika kwa mtoa huduma walikuwa asilimia 34. Waliokuwa bado wanameza dawa siku ya kuulizwa: asilimia 3.

Watu hawa walikuwa wamepimwa mara nne. Ndiyo maana siridhiki ninapoona zoezi la kupima bure viwanjani likihesabiwa kuwa limefanikiwa kwa sababu watu wengi wamepimwa. Kazi inaanzia pale mtu anapoinuka kwenye kiti na karatasi yake mkononi. Anakwenda wapi? Na baada ya mwezi?

Tukiwafuata majumbani tunakuta sababu ambazo mtu hawezi kuzisema mbele ya daktari mwenye foleni. Ya kwanza ni kwamba presha haiumi. Watu wengi hudhani kichwa kikigonga ndipo presha imepanda, kikitulia imeshuka, basi wanameza kidonge siku ya kichwa tu. Unaweza kuwa na 190 na ukala, ukacheka, ukalala vizuri. Mashine pekee ndiyo inayojua.

Ya pili ni fedha. Nimeona karatasi ya vidonge iliyokatwa kwa mkasi, vitano tu, kwa sababu ndivyo alivyoweza kununua siku hiyo. Mkasi ulikuwa umepita na jina la dawa na tarehe ya kuisha muda. Mwenye nayo alijua rangi ya kidonge, basi. Akienda duka jingine anaonyesha rangi. Kama unanunua kidogo kidogo, na wengi hatuna namna nyingine, mwambie muuzaji akuandikie jina la dawa na nguvu yake kwenye bahasha, na bahasha hiyo uitunze.

Ya tatu wachache huifikiria. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe mara nyingi zaidi. Sasa mwambie dereva wa daladala anayetoka Mbagala alfajiri, au mama anayeuza samaki mahali pasipo na choo, ameze asubuhi. Ataacha. Hataacha kwa ukaidi, ataacha kwa kulinda heshima yake. Lakini dawa zipo za aina nyingi, na muda wa kumeza unaweza kupangwa upya. Mweleze mhudumu kazi yako ni ipi na choo kiko umbali gani, bila aibu.

Hapa nchini tayari tunajua namna ya kumsindikiza mtu kwenye dawa za kila siku. Tangu huduma za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa mwaka 2004, kliniki za CTC, yaani za huduma na tiba kwa wenye VVU, zimejifunza kumpa mtu kadi na tarehe, na asipotokea, kumtafuta. Dawa hazilipiwi. Hakuna anayesema "nimemaliza dozi" CTC. Miaka michache iliyopita utafiti mkubwa katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda uliwaweka wenye VVU, presha na kisukari kwenye kliniki moja, ukailinganisha na kliniki za kutenganishwa. Kwa mpangilio wowote kati ya hiyo miwili, takriban watu 9 kati ya 10 wenye presha au kisukari walikuwa bado kwenye huduma baada ya mwaka, na wenye VVU hawakuathirika kwa kuchanganywa. Hawa walikuwa wameshafika kliniki, si sawa na wale 161 waliokutwa majumbani, kwa hiyo nisilinganishe namba kwa namba. Ila unaona kwamba Mtanzania anaweza kurudi kliniki mwezi baada ya mwezi akikuta mtu anayemsubiri.

Kwa wanaojipima nyumbani: kojoa kwanza, usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee. Pima mara mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda kituoni. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, hizo ni dalili za kiharusi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri kupakwa mafuta.

Na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa na ile ya kwenye chipsi, mkate na viungo vya pakiti vya mchuzi. Mama wa Buguruni ameshaondoa kopo la chumvi mezani kwake. Anaweka limao na pilipili, na anasema wateja walinung'unika wiki moja wakazoea.

Siku hizi nikipita simuulizi kama dawa anatumia. Namuuliza vimebaki vingapi. Mara ya mwisho alifuta mikono kwenye kanga, akachomoa bahasha nyuma ya chupa za mafuta, akahesabu kwa sauti: vinne. Kadi ya kliniki ilisema siku sita mbele. Tukampigia simu muuguzi wa zahanati pale pale, naye akamwambia aje kesho yake asubuhi, kabla hajainjika wali.