Hela ya Machi, mboga za Juni: kujiunga na CSA ya shamba dogo la familia

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka hapa Massachusetts simu yangu ya ofisini inaita sana, wanapiga Wakenya wa Lowell, Wakongo wa Worcester, Watanzania wenzangu, na swali huwa ni lilelile: kuna mkulima anataka dola 600 mwezi wa tatu alafu mboga atanipa kuanzia mwezi wa sita, sasa huyu si tapeli? Hapana ndugu yangu, sio tapeli. Ndo mfumo wenyewe ulivyo, unaitwa CSA, yaani shamba linabebwa na jamii inayokula mazao yake, na mimi kama mtu wa ugani natamani familia zetu nyingi ziingie humo, ila ziingie zikijua zinachosaini.

Angalia hali ya mkulima mdogo huku. Mbegu ananunua Januari, miche anaiotesha kwenye grinihausi Machi huku nje bado barafu, gesi ya kupashia joto inalipiwa kila siku, trekta linataka matengenezo, na muda wote huo hamna hata nyanya moja ya kuuza. Sasa badala ya kwenda benki kukopa anauza hisa kwa majirani. Wewe unalipa mapema, alafu kuanzia Juni mpaka Oktoba, kama wiki 20 hivi, kila wiki unachukua fungu lako la kilichokomaa. Wazo hili Wajapani walikuwa wakilifanya tangu miaka ya 1970, wakiliita teikei, na hapa Marekani lilianza 1986 kwenye mashamba mawili, Indian Line Farm huko South Egremont, magharibi ya jimbo letu hili, na Temple-Wilton kule New Hampshire. Kwa hiyo ukijiunga huku New England, yaani majimbo yetu haya ya kaskazini mashariki, unajiunga na kitu kilichozaliwa hapahapa.

Mimi nimekulia Kagera, na naomba mnivumilie niongelee butura kidogo kwa sababu wengi wakisikia kulipa kabla ya mavuno akili inaenda huko. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Mtu ana mgonjwa ndani au karo ya mtoto, mchuuzi anakuja na hela mkononi, anakupa kidogo, mnakubaliana magunia, na msimu ukifika anabeba kahawa yote kwa bei ya siku ile ya shida yako, na jua likipiga kahawa ikapungua deni la magunia linabaki palepale shingoni kwa mkulima. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi lakini shida za watu hazisubiri marufuku. Nimeona wazee wetu wakiangalia kahawa yao wenyewe ikipakiwa kwenye lori la mtu.

Sasa CSA nayo ni hela ya mapema, ila hasara imegeuziwa upande mwingine. Bei ni ya haki, anaipanga mkulima mwenyewe kulingana na gharama zake, na mvua ikiharibu mnaumia wote. Hapo ndo watu wengi hawaelewi, wanadhani wamenunua mboga kwa bei ya jumla, kumbe wamenunua sehemu ya msimu. Msimu ukiwa mzuri utabeba nyanya mpaka ugawie majirani, ukiwa mbaya boksi litakuwa jepesi na hela hairudi.

Na misimu mibaya ipo kweli. Mwaka 2023 katikati ya Mei baridi ya kugandisha ilishuka usiku mmoja ikaua maua ya tufaha sehemu kubwa ya New England, alafu Julai yakaja mafuriko, mto Connecticut na vijito vyake vikafunika mashamba ya bondeni. Watu walinipigia wakiuliza mbona boga zipo shambani tunaziona kwa macho lakini mkulima anazilima chini na trekta? Ni sheria ya usalama wa chakula, zao likishaguswa na maji ya mafuriko halifai kuuzwa wala kutolewa msaada, maana maji yale yamebeba mafuta, kinyesi na kila kitu. Mkulima alikuwa anazika chakula chake mwenyewe. Mashamba yenye wanahisa angalau hela ya mbegu za kupanda tena kwa msimu wa baridi ilikuwepo, wale wanaotegemea soko la Jumamosi peke yake waliingia Agosti mikono mitupu.

Kwa hiyo kabla hujalipa nenda shambani. Wakulima wengi wa familia wanapenda kutembelewa, piga simu tu kwanza. Muulize je kila kilichomo kwenye boksi unalima wewe mwenyewe, maana kuna kampuni zinanunua mboga huku na kule zinapanga kwenye boksi na kujiita CSA, sio dhambi lakini hapo humbebi mkulima yeyote. Muulize mwaka jana wiki ya kwanza ya Juni watu walipata nini na mwisho wa Agosti walipata nini, jibu lake litakuonyesha kama anajua shamba lake. Kuhusu dawa, usiishie kuuliza kama ana cheti cha oganiki, wapo wadogo wanaolima bila kemikali ila cheti hawana kwa sababu ya gharama na makaratasi, muulize tu anapambana vipi na wadudu na magugu. Na uliza nusu hisa, uliza kulipa kwa awamu, uliza kama unaweza kufanya kazi shambani masaa kadhaa kwa wiki ukapunguziwa, mengi yanawezekana ila hawayaandiki kwenye fomu.

Swali la kusafiri msilisahau. Mwaka wangu wa kwanza niliondoka wiki tatu mwezi wa nane, sikumwambia mtu, na mafungu matatu ya nyanya na mahindi yakapelekwa kituo cha chakula cha msaada kama mkataba ulivyosema. Walifaidi wenye uhitaji na nashukuru, ila ningesoma mkataba ningemtuma dada yangu akachukue.

Jikoni je? Juni ni majani matupu, spinachi, saladi, figili. Julai matango na zukini mpaka uchoke. Agosti nyanya, biringanya, pilipili hoho, alafu karoti, viazi, kabichi na maboga mpaka baridi iingie. Wengi wa kwetu wanakata tamaa Juni, wanasema hizi ni mboga za Wazungu. Jamani, majani ya bitiruti na ya figili yakiungwa na kitunguu, nyanya na karanga za kusaga yanashuka na ugali vizuri sana, na ile keli yao ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Alafu kuna hili nalisema kila nikipata nafasi: majani ya maboga huku yanaachwa shambani, na mchicha wa porini unang'olewa kama gugu kila siku na kutupwa! Mwombe mkulima. Ila hakikisha sehemu ile haijapigwa dawa ya magugu, chuma machanga, chemsha umwage maji, kwa sababu mchicha ulioota kwenye udongo wenye mbolea nyingi unaweza kukusanya naitreti, chumvi ya mbolea ambayo ikizidi mwilini inadhuru. Nimeona mkulima akianza kupanda mistari miwili ya mchicha makusudi baada ya mama wawili wa Kikongo kumwomba mwaka mzima.

Kwa wenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali unaoitwa SNAP, tangu sheria ya kilimo ya 2014 mashamba ya CSA yanaruhusiwa kupokea SNAP, mradi yamesajiliwa. Na nyie hamlazimiki kulipa Machi, kanuni inasema malipo ya SNAP yasifanyike zaidi ya siku 14 kabla ya kupokea chakula, kwa hiyo mtalipa kidogo kidogo kadri mnavyochukua. Hapa Massachusetts kuna pia mpango wa HIP, upo tangu 2017, ukinunua matunda na mboga kwa kadi kwenye shamba lililo kwenye mpango hela inarudishwa kwenye kadi mpaka kiwango fulani kwa mwezi. Kiwango hicho kimekuwa kikipanda na kushuka na bajeti ya jimbo, muulize mkulima saivi ni ngapi kabla hujapiga hesabu zako.

Mashamba madogo yanajaza nafasi mapema, mengine hisa zinaisha kabla ya Aprili, kwa hiyo anzeni kupiga simu sasa hivi. Familia ya watu wawili chukueni nusu, au mshirikiane na jirani mpishane wiki. Na siku ya kwanza ya kuchukua beba mifuko yako, fika mapema, mwambie mkulima unapenda kupika nini.