Memori kadi, SSD na uongo tunaouziana kuhusu Steam Deck

Steam Deck ni kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, na nyingi ninazokutana nazo Dar zimeingia nchini ndani ya begi la mtu. Valve, kampuni inayoitengeneza na yenye duka la gemu la mtandaoni la Steam, haiuzi mashine hii rasmi huku kwetu, kwa hiyo inanunuliwa Marekani au Ulaya, shangazi anaibeba, na kwa kuwa anayelipa si mchezaji, mara nyingi ilikuja ile ya bei ya chini iliyotoka Februari 2022, yenye hifadhi ya GB 64. Toa nafasi ya mfumo wenyewe, halafu jaribu kuweka gemu ya Elden Ring inayotaka GB 60. Haiingii. Baldur's Gate 3 inataka 150, hiyo hata usiitaje. Hapo mwenye mashine anaanza kuulizia namna ya kuongeza nafasi, na anayojibiwa kijiweni nusu ni kweli, nusu ni ya kusikia.

Mimi nimefungua Deck mara tatu. Mara moja nilijuta, nitaeleza mbele.

"Ya GB 64 imechomelewa, hiyo basi tena"

Dhana hii imetoka kwenye simu. Hifadhi ya GB 64 ni ya aina ya eMMC, na kwenye simu eMMC huchomelewa kwenye ubao, fundi haitoi bila mashine ya hewa moto. Valve hawakufanya hivyo. Waliiweka kwenye kibao kidogo cha M.2 cha saizi ya 2230, yaani milimita 22 kwa 30, ukubwa wa stempu ya posta, kikashikwa na skrubu moja. Tundu hilohilo ndilo linalobeba SSD (hifadhi ya ndani yenye kasi) ya aina ya NVMe kwenye matoleo ya GB 256 na 512, na toleo la Novemba 2023 lenye kioo cha OLED nalo linatumia 2230. Ukiitoa eMMC ukaweka SSD, ya GB 64 inakuwa sawa na ndugu zake, ukiacha kile kioo cha kupunguza mng'ao kilichokuja na ya 512.

"Gemu ikikaa kwenye memori kadi inakwama"

Inategemea unaita nini kukwama. Tundu la kadi la Deck ni la UHS-I, na kiwango hicho mwisho wake ni MB 104 kwa sekunde. SSD ya ndani inasoma kwa maelfu. Tofauti utaiona wakati wa kusubiri gemu ifunguke. Lakini ikishaingia kwenye RAM ya GB 16, kadi imemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Idadi ya picha kwa sekunde inatoka kwa prosesa na chipu ya picha, kadi haihusiki. Stardew Valley inayotaka MB 500 tu, ukifungiwa macho hutajua iko kadi au iko ndani. Gemu za dunia kubwa, zile zinazovuta mandhari mpya huku unakimbia na farasi, ndizo ningezipa nafasi ya ndani.

Kinachowasumbua wenye GB 64 ni kingine kabisa. Hata gemu zote zikihamia kwenye kadi, faili za shader za gemu hizo, yaani maelekezo ya kuchora picha yaliyotayarishwa mapema, zinaendelea kujikusanya kwenye hifadhi ya ndani. Mtu anaangalia, hana gemu hata moja ndani, na bado nafasi imejaa "mengineyo". Anadhani ni virusi. Ni shader.

"Kadi ya MB 200 kwa sekunde ni mara mbili ya ile ya 100"

Kwenye kasha tu. Mwendo huo hupatikana kwa kisomaji maalumu cha mtengenezaji wa kadi, na Deck haina. Ndani ya tundu la UHS-I zote mbili zinatembea pamoja. Tafuta alama ya U3 au V30, maana yake kuandika hakushuki chini ya MB 30 kwa sekunde, pamoja na A1 au A2, alama za kasi ya kushika faili ndogondogo. Fedha iliyobaki nunua bando.

"TB 2 kwa elfu thelathini, na laptopu imeisoma TB 2 kweli"

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa.

Kompyuta haiipimi kadi. Inaiuliza. Ndani ya kadi kuna kichipu kinachosimamia hifadhi, na aliyetengeneza feki amekifundisha kujibu "TB 2" wakati nyuma yake kuna GB 64, pengine 32. Laptopu inaamini, inaonyesha TB 2, na mnunuzi anapiga picha anawatumia wenzake. Wiki ya kwanza kadi inakwenda vizuri, ndiyo maana inasifiwa. Siku unapovuka kiasi chake halisi, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea kimyakimya. Gemu iliyofunguka jana leo inaleta kosa. Unailaumu Steam, unaishusha upya, bando linakatika, gemu bado mbovu.

Mdogo wangu alinunua moja ya namna hiyo, akaambiwa, "Boss, hii orijino kabisa, ikisumbua nirudishie." Tuliichomeka kwenye laptopu yangu ya Linux tukaendesha f3, programu ya bure ya kukamata kadi feki. Inaandika faili za GB moja moja, kisha inazisoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Nilisimamisha uandishi kwenye faili ya 100, nikaanza kusoma. Ya 1 hadi ya 58 safi. Kuanzia 59 hakuna kitu, hata moja. Ilikuwa kadi ya GB 64 iliyovaa nguo ya kuazima. Aliporudi kwa muuzaji, meza ilikuwepo, mtu hakuwepo.

Watumiaji wa Windows wana H2testw kwa kazi hiyohiyo. Jipe muda: kwa mwendo wa MB 80 kwa sekunde, kuijaza kadi halali ya GB 512 ni karibu saa moja na dakika 47, na hapo hujaisoma. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukiiformati kadi kwenye Deck yenyewe, SteamOS, mfumo unaoiendesha Deck, huipitishia kwanza f3probe, ndugu wa f3 anayefanya kazi haraka. Kadi ikikataliwa pale, watu husema Deck ni mbovu. Mbovu ni kadi.

"Kwa nini TB 1 yangu inaonyesha 931? Nayo ni feki?"

Hapana. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inagawa kwa 1,024. Baiti trilioni moja ni zilezile, kipimo ndicho kimebadilika. Ya GB 512 itasoma kama 476.

"Nitajaza gemu kwenye kadi kwa laptopu, kisha nitaihamishia Deck"

Deck huziformati kadi kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, na Windows haiusomi. Ukichomeka kadi ya Deck kwenye laptopu ya Windows, itakuletea swali la upole kama ungependa kuiformati. Ukikubali, gemu zako zote zimekwenda.

Kama shida ni bando, kuna njia safi. Tangu 2023 Steam inaweza kuvuta gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba. Laptopu na Deck ziwe kwenye Wi-Fi moja, Steam iwe wazi kote, na gemu iwe imeshawekwa kwenye laptopu. Ukibonyeza kuipakua kwenye Deck, inachotwa kutoka laptopu. Na kuhamisha gemu kutoka kadi kwenda SSD, au kinyume chake, ni kazi ya mipangilio ya hifadhi ya Steam yenyewe. Nimeona watu wanafuta gemu ya GB 100 kisha wanaishusha upya ili tu ikae upande wa pili. Nilisikia uchungu kwa niaba yao.

"SSD ya 2242 ni bei rahisi, ukiikandamiza inaingia"

Inaingia, ndiyo. Ni ndefu kwa milimita 12 tu, na 2022 picha za watu waliofanikiwa zilizagaa. Lawrence Yang wa Valve akajitokeza hadharani kuwaonya: chipu ya kuchaji iliyo jirani inapata moto sana, na vile vibandiko vya kupoza joto vilivyo karibu yake havitakiwi kusogezwa. Tena SSD nyingi za 2242, alisema, zinakula umeme na kutoa joto kuliko Deck ilivyopangiwa. Itaonekana inafanya kazi, ila umri wa mashine utakuwa umeupunguza. Kwa hali ya hewa yetu, Januari Dar bila feni ya dari, sihitaji kushawishiwa zaidi.

Kila mashine ya gemu ya mkononi ina saizi yake. ROG Ally ya ASUS, ya 2023, ni 2230 kama Deck, Ally X ya 2024 inachukua 2280, Legion Go ya Lenovo inakuja na 2242. Mwenye Ally ya kwanza azingatie na hili: ASUS wenyewe walikiri 2023 kwamba joto linaweza kufanya kisomaji cha kadi kigome, kwa hiyo huko kubadilisha SSD kuna maana kubwa kuliko kukimbilia kadi.

"Lazima Gen 4, la sivyo umepoteza hela"

PCIe ni barabara ya data kati ya SSD na mashine, na Gen ni kizazi chake. Deck ni PCIe Gen 3 yenye njia nne. Weka SSD ya Gen 4 inayojitangaza kwa MB 7,000 kwa sekunde, itafanya kazi bila tatizo, kwa mwendo wa Gen 3, nusu ya hiyo. Siku hizi ukitafuta 2230 utakuta nyingi ni Gen 4, basi nunua kwa sababu ipo dukani.

"Ukifungua tu, waranti imekufa"

Oktoba 2021, kabla mashine haijaanza kuuzwa, Valve walitoa video wakiifungua wenyewe. Walisema ni kompyuta yako na una haki ya kuifungua, ila hawakushauri, na ukiharibu waranti hailipi. Kwa sisi tulioletewa begini, waranti maana yake ni kumbebesha tena shangazi. Fungua kwa uangalifu.

"Kuibadilisha ni dakika tano"

Dakika tano ni za aliyewahi. Mara ya kwanza tenga saa moja na taa nzuri.

Kwanza kabisa, toa memori kadi. Narudia kwa sababu sikuitoa. Kadi ikiwa imechomekwa, inapita kwenye gamba la nyuma na kuingia kwenye ubao. Ukivuta gamba, kadi inabaki katikati. Nilizungusha skrubu nane zote, nne ndefu na nne fupi, nikachomeka kipande cha plastiki pembeni, nikavuta, nikasikia "tak" ndogo kama mfupa wa dagaa. GB 256, vipande viwili. Gemu za Steam unazishusha tena, lakini maendeleo ya gemu za zamani nilizokuwa nimeziweka humo hayakuwa na nakala popote.

Pili, kabla ya kufungua, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kushikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwasha, uiweke betri kwenye hali ya kuhifadhiwa. Mashine inazima kabisa, haiwaki kwa kuguswa bahati mbaya. Ukishaondoa gamba utakuta bamba la chuma lenye skrubu tatu, mojawapo imejificha chini ya karatasi ya fedha. Chini yake chomoa waya wa betri, kisha fungua ile skrubu moja ya SSD. SSD itainuka yenyewe upande mmoja. Usitupe kile kisoksi cha chuma inachovaa, kipo kuzuia mwingiliano wa mawimbi. Kivue, uivishe mpya. Kwa skrubu za nje, Deck ya mwanzo yenye kioo cha LCD inataka bisibisi ya msalaba ndogo isiyolika, ya OLED inataka ya nyota, Torx T6.

SSD mpya iko tupu. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi yenye mfumo wa kurejesha kutoka Valve, ichomeke, shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwasha, chagua flashi. Tundu la USB-C ni moja tu, kwa hiyo habu, kifaa cha kuongeza matundu, inakusaidia kuchaji huku ukiendelea.

Mpwa wangu alifuata yote hayo peke yake Jumamosi moja, halafu akanipigia simu saa nne usiku.

"Shikamoo mjomba. Haiwaki. Nadhani nimeiua."

"Marahaba. Betri uliiweka kwenye hali ya kuhifadhiwa?"

"Ndiyo, kama ulivyosema."

"Basi haitoki huko kwa kitufe. Chomeka chaji."

Kimya kidogo, waya unatafutwa. Feni niliisikia kwenye simu kabla hajasema neno.