Uhandisi mitambo sio kozi ya kufungua injini za magari

Kuna ile meseji inarudi kwenye magrupu kila msimu wa kuomba vyuo, eti digrii ya uhandisi mitambo ni kujifunza kufungua injini, ukimaliza unaishia gereji, na wasichana wasijisumbue maana ni kazi ya misuli. Sio kweli jamani.

Hii digrii kwanza kabisa ni hesabu na fizikia. Unasoma kalkulasi yaani hesabu za vitu vinavyobadilika, unasoma thamodainamiki yaani joto linavyogeuzwa kuwa kazi, unasoma maji na hewa vinavyopita kwenye mabomba na juu ya bawa la ndege, unasoma chuma kinabeba mzigo kiasi gani kabla hakijapinda au kukatika, halafu unachora na kupima ulichobuni kwenye kompyuta. Karakana ipo, mnachomelea na kukereza vyuma, ila sio kozi nzima. Anayemaliza anaweza kubuni pampu, friji, turbini yaani mashine inayozungushwa na maji, mvuke au upepo, roboti, hata mguu wa bandia, misuli inaingiaje hapo? Fundi magari naye ana ujuzi wake mzito tu, ila anaupata kwa njia nyingine.

Watu wanachanganya kwa sababu gari ndio mashine tunayoiona ikifunguliwa kila siku, turbini nani anaiona.

Kuhakiki ni rahisi, ingia tovuti ya chuo chochote kinachotoa hii digrii, soma orodha ya masomo mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, uone yanayohusu magari ni mangapi. Meseji ikikufikia usiiforwadi, badala yake tuma hiyo orodha kwenye grupu, hasa kama kuna mdogo wetu anajaza fomu sasa hivi.