Aliyesema "Bwana Alitoa" Alikuwa Ayubu, Si Jirani Yake

Jumamosi iliyopita nilizika mtoto wa miaka sita. Jeneza dogo liko mezani chini ya turubai, kwaya inajiandaa, mara mzee mmoja wa kanisa akaomba kipaza sauti kwa MC na kumgeukia mama wa marehemu. "Mama, jikaze. Ukilia namna hiyo unamkosea Mungu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Watu wakaitikia amina, kwa mazoea yale yale ya kuitikia "Bwana asifiwe". Mama akaingiza upindo wa kanga mdomoni, sauti ikakatika. Baadaye nikamsikia mtu akisema neno lile limemtia nguvu. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka alipoketi mama huyo. Taya zilikuwa zinatetemeka juu ya ile kanga.

Mzee huyo namheshimu, na hana ubaya. Shida ni kwamba hii ni mara ya nne mwaka huu, misiba minne, wasemaji wanne, aya ile ile. Kwenye kikao cha wazee nimesema. Kwenye semina ya jumuiya nimesema, nikaambiwa "asante mchungaji, somo zuri", wiki iliyofuata tukarudi pale pale. Sasa naandika.

Tuanze na Ayubu, maana ndiye tunayembebesha mzigo.

Maneno hayo yako Ayubu 1:21. Aliyeyasema ni Ayubu. Amepoteza wana saba na binti watatu siku moja, amerarua joho, amenyoa kichwa, ameanguka chini, halafu ndipo anasema. Ni kauli ya mfiwa juu ya msiba wake mwenyewe. Katika sura zote 42 hakuna mtu mwingine anayemwambia Ayubu maneno hayo. Marafiki zake watatu, pamoja na hotuba zao zote ndefu, hata wao hawakuthubutu kumrudishia aya yake. Sisi tunathubutu, tena kwa kipaza sauti.

Na tunasoma sura ya kwanza tu, kama vile kitabu kiliishia hapo. Sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Sura zinazofuata analalamika, anamdai Mungu majibu, anasema mambo ambayo leo akiyasema mshiriki wa jumuiya yetu ataandikiwa ratiba ya maombi ya siku tatu. Wale marafiki ndio waliokuwa wanamtetea Mungu, kwa hoja zilizonyooka kweli. Halafu fungua 42:7 uone Mungu amemkasirikia nani. Anamwambia Elifazi, mmoja wa marafiki wale, kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Yule mlalamikaji!

Jambo moja marafiki wale walilifanya vizuri, nalo liko 2:13. Waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku saba! Sisi dakika saba zinatushinda. Kuna mtu lazima aanzishe pambio.

Aya ya pili inayonichosha ni 1 Wathesalonike 4:13, na hapa nitakwenda taratibu kwa sababu kosa lenyewe ni la kisarufi kabla halijawa la kiroho. Msibani inatajwa hivi: "Paulo anasema msihuzunike." Hasemi hivyo. Anasema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Hilo neno "kama" ndilo lenye uzito wote. Nikikuambia usiendeshe pikipiki kama mlevi, sijakukataza kuendesha pikipiki. Paulo anazungumzia namna ya kuhuzunika, tena anawaandikia watu ambao anajua wana huzuni. Angetaka wasilie kabisa, sentensi ingekoma mapema, na angepingana na yeye mwenyewe kule Warumi 12:15 anakosema tulie pamoja nao waliao. Ukikata aya katikati unapata dini nyingine. Yohana 11 sihitaji hata kuigusa. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia.

Kwa Walutheri wenzangu wanaoona kilio ni ulegevu wa imani, nina la nyongeza. Martin Luther alimzika binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, Septemba 1542. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru tu, kwa kuwa binti ameondoka salama, lakini upendo wa mzazi una nguvu kiasi kwamba hawawezi kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Huyo ndiye mwandishi wa Katekisimu Ndogo tuliyoikariri wakati wa kipaimara. Ukitaka kumwambia ajikaze, wewe endelea.

Sasa niungame, maana nilijifunza haya kwa kuumiza mtu.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa kwenye mafunzo ya uchungaji wa hospitali. Nikapelekwa kwa mama aliyejifungua mtoto mfu alfajiri ile. Alikuwa amelala kwenye wodi moja na wenzake walionyonyesha, jambo ambalo lenyewe linahitaji makala yake. Nikampa pole, nikamwambia Mungu ana makusudi. Akanitazama, akauliza, "Makusudi na mimi, au na mtoto?" Nikasema tuombe. Nikaomba sana.

Katika mafunzo yale unaandika mazungumzo yote neno kwa neno, kisha unayasoma mbele ya wenzako na msimamizi. Nikasoma. Maneno ya mama yalijaa mistari miwili. Maombi yangu yalijaa ukurasa. Msimamizi akaniuliza swali moja tu: "Hapa ulikuwa unamwombea mama, au ulikuwa unatafuta mlango?"

Mlango. Nilikuwa natafuta mlango, na tangu hapo nikisikia mtu anaharakisha "tuombe" chumbani mwa mgonjwa huwa natazama miguu yake imeelekea wapi.

Mafunzo ya namna hii yalianza mwaka 1925 huko Worcester, Massachusetts, chini ya mchungaji Anton Boisen, aliyewakusanya wanafunzi wachache wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Miaka mitano kabla yake, Boisen mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali ya aina hiyo. Akataka wanafunzi wawasome watu kama wanavyosoma vitabu, nyaraka zilizo hai. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa amekilalia.

Kidogo kuhusu kosa la upande wa pili, la sisi tuliosoma. Kuna wanaotoka semina na zile hatua tano za daktari Elisabeth Kübler-Ross, kuanzia kukana hadi kukubali, wakamwambia mjane, "Mama, sasa uko hatua ya hasira." Kübler-Ross mwenyewe, mwaka 1969, aliziandika kutokana na kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si wafiwa. Na hata wagonjwa hao hawakupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mjane si daladala, usimtangazie kituo.

Mengine ni ya haraka. Mtu akisema hataki kuishi tena, mpeleke hospitali leo, utaomba mkiwa njiani. Ya sirini yabaki sirini, na "tumkumbuke dada yetu kwenye maombi, ndoa yake haiko sawa" ni umbea uliovaa joho. Usimwambie mtu atapata mtoto mwingine. Mali ya Ayubu ilirudi maradufu, kondoo 7,000 wakawa 14,000, lakini watoto hawakurudi maradufu, walikuwa kumi tena. Wengine wanasema ni kwa sababu wale kumi wa kwanza bado ni wake. Nakubaliana nao, ingawa siwezi kuapa.

Na hapo ndipo penye mashaka yangu. Wakina mama kama yule wa wodini huniuliza, "Mchungaji, hakubatizwa. Yuko wapi?" Nawajibu kwa alichoandika Luther mwaka ule ule wa 1542 kwa wanawake waliopoteza mimba au watoto kabla ya ubatizo, kwamba kuugua kwao na shauku yao kwa ajili ya mtoto Mungu ameihesabu kuwa maombi. Ninalisema kwa uso mkavu na sauti tulivu. Kuna usiku jibu hilo linanitosha. Kuna usiku mwingine nalala nikiligeuza.

Sina hakika pia na ukimya wangu. Kuna siku nimeketi mkekani bila neno, nikajisifu moyoni kwamba nafanya kama marafiki wa Ayubu, kumbe nilikuwa naogopa tu kuulizwa. Ukimya nao unaweza kuwa mlango.

Tena kuna bibi mmoja, alimzika mwanawe wa tatu, akanishika mkono kaburini pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kusema mwenyewe, polepole, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Hakuna aliyemtuma. Nikasema amina, na ile amina niliimaanisha kuliko zote nilizowahi kusema. Kwa hiyo sijaikataa aya. Nataka mwenye nayo aachiwe aitamke siku yake, au asiitamke kabisa.

Ninachofanya siku hizi ni kidogo. Namtaja marehemu kwa jina. Na narudi wakati turubai limeshafunguliwa, viti vya kukodi vimerudishwa, na daftari la rambirambi limefungwa, kwenye wiki ya tano au ya sita hivi, ambapo hakuna anayepiga simu.

Mwaka jana nilirudi hivyo kwa baba mmoja aliyempoteza binti yake mdogo. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi.

"Mchungaji, karibu. Umekuja na Biblia?"

"Ipo kwenye begi."

"Basi ikae humo kwanza."

Akanisogezea kigoda na beseni. Tukapukuchua mpaka jua likaingia nyuma ya migomba, na kufikia hapo vidole vyangu vilikuwa vimeota malengelenge. Akaniambia mtoto alikuwa anamwogopa jogoo wa jirani, kila asubuhi lazima abebwe mgongoni mpaka avuke ule uzio. Akaanza kucheka, hakuweza kumalizia. Akachukua gunzi jingine, nami nikachukua langu.