Pikipiki za theluji Yellowstone: tatizo halikuwa idadi peke yake

Wanafunzi wa uhifadhi wanaponiuliza kuhusu mipango ya matumizi ya hifadhi, karibu wote huanza na swali moja: hifadhi hii iruhusu magari mangapi kwa siku? Kupanga matumizi ya maeneo ya umma ndiyo kazi yangu, na ninaamini kwa dhati kwamba swali hilo likitangulizwa hupoteza miaka mingi ya watu. Mfano ninaoutumia kulieleza jambo hili unatoka mbali na savana zetu. Ni pikipiki za theluji katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, ambako walivutana mahakamani tangu 1997 hadi walipopata kanuni ya kudumu mwaka 2013.

Yellowstone ilianzishwa mwaka 1872. Sehemu yake kubwa iko Wyoming, na kingo zake zinaingia Montana na Idaho. Majira ya baridi yakikaza, theluji hufunika barabara za ndani, na ni kipande cha kaskazini tu ambacho husafishwa mwaka mzima ili magari ya kawaida yapite. Kwingine huingii ila kwa miguu, kwa skii (mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji), kwa basi maalumu la theluji, au kwa pikipiki ya theluji, yaani chombo chenye skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira unaozunguka nyuma. Pikipiki za kwanza ziliingia hifadhini mwaka 1963. Mwaka 1971 uongozi ulianza kushindilia theluji barabarani ili vyombo hivyo vipite vizuri, na nyumba ya wageni karibu na chemchemi ya Old Faithful ikafunguliwa wakati wa baridi. Mji mdogo wa West Yellowstone, ulio mlangoni upande wa magharibi, ukajenga uchumi wake wa miezi ya baridi juu ya biashara hiyo.

Kufikia miaka ya 1990, wastani ulikuwa kati ya pikipiki 700 na 800 kwa siku, na siku za pilikapilika zilivuka 1,000. Nyingi zilikuwa na injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Fundi yeyote aliyewahi kufungua pikipiki za zamani anajua tabia yake: nyepesi, ina nguvu, lakini sehemu kubwa ya mafuta, hata robo, hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Sasa weka mamia ya injini hizo kwenye foleni moja asubuhi, katika bonde ambalo hewa baridi nzito imetulia chini haina pa kwenda. Walinzi waliokata tiketi kwenye lango la magharibi walilazimika kupulizwa hewa safi ndani ya vibanda vyao, na mwaka 2002 baadhi yao walivalishwa barakoa za kuchuja hewa. Tafakari hilo kidogo: mtumishi wa hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote duniani anahitaji barakoa ili avute hewa ya hifadhi yake.

Hata hivyo, kilichofikisha jambo mahakamani hakikuwa moshi, bali baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu. Katika majira makali ya baridi ya 1996 hadi 1997, baisani zaidi ya 1,000 waliuawa baada ya kutoka nje ya mipaka ya hifadhi, kwa sababu wafugaji wa Montana na mamlaka zao waliogopa ugonjwa wa brusela, unaoharibu mimba za mifugo, kuingia kwenye ng'ombe. Watetezi wa wanyama wakafungua kesi mwaka 1997. Hoja yao: barabara zilizoshindiliwa kwa ajili ya pikipiki zinawarahisishia baisani njia ya kutoka. Hifadhi ikakubali kufanya tathmini kamili ya athari za matumizi yake ya majira ya baridi.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wanaharakati wenzangu hawapendi kulisikia. Utafiti wa baadaye haukuiunga mkono sana hoja ile ya barabara. Mienendo ya baisani ilionekana kutegemea zaidi wingi wa kundi, umbo la ardhi na kina cha theluji. Kesi ilifungua mlango sahihi kwa ufunguo usio imara. Yaliyokuja kuwa na uzito ni hewa, kelele, na gharama anayolipa mnyama anaposhtuliwa. Hiyo ya mwisho inaeleweka kirahisi kwa anayejua baridi ya kule. Baisani hufukua theluji kwa kichwa ili afikie majani makavu yenye lishe haba, na kwa sehemu kubwa anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini tangu majira ya joto. Kila anapokimbizwa anatumia akiba ambayo hawezi kuirudisha mpaka majani yaote tena.

Mahakamani mambo yalikwenda hivi. Januari 2001, serikali ya Clinton ikiwa inaondoka, ilitolewa kanuni ya kuziondoa pikipiki hatua kwa hatua. Watengenezaji wa vyombo hivyo tayari walikuwa wameshtaki, serikali ya Bush ikakubaliana nao kufanya tathmini nyingine, na mwaka 2003 ikatoka kanuni ya kuruhusu pikipiki 950 kwa siku. Desemba mwaka huohuo Jaji Emmet Sullivan, wa Washington, akaifuta na kurudisha ile ya 2001. Februari 2004 Jaji Clarence Brimmer, wa Wyoming, akaizuia ile ya 2001. Majaji wawili wa mahakama ya shirikisho, hifadhi moja, amri zinazopingana, na mwenye hoteli pale West Yellowstone hajui kama wiki ijayo atapokea wageni. Mwaka huohuo wa 2004 ikaja kanuni ya muda ya pikipiki 720, kisha ya 540, ambayo Sullivan aliitengua mwaka 2008, kisha 318. Zitazameni tarakimu hizo: 950, 720, 540, 318. Kila upande ulikuwa ukipigania namba, na kila namba ilikuwa na wakili wake.

Wakati huohuo, bila kelele nyingi, kanuni ya muda ya 2004 ilikuwa imeshaibadilisha hali yenyewe. Iliamuru kila pikipiki iongozwe na mwongoza wageni mwenye leseni, na iwe na injini safi na tulivu zaidi, jambo lililosukuma injini za mipigo minne kuchukua nafasi. Wastani ukashuka chini ya 300 kwa siku, kwa hiyo kikomo cha 720 hakikuwa hata kinakaribiwa. Mwongoza wageni anajua mahali pa kuzima injini na kungoja baisani avuke barabara. Kijana aliyekodi pikipiki kwa mara ya kwanza maishani hajui.

Kanuni ya 2013 ndiyo ninayoitetea kila ninapopata nafasi, kwa sababu iliacha kuhesabu mashine moja moja. Inahesabu misafara. Basi moja la theluji ni msafara mmoja, na kundi la pikipiki zisizozidi 10 ni msafara mmoja, ila wastani wa msimu uwe pikipiki 7 kwa kundi. Misafara haizidi 110 kwa siku, na ile ya pikipiki ni chini kidogo ya nusu. Msingi wake ni kwamba mnyama aliyesimama kando ya barabara, na mtu aliyekuja kusikiliza ukimya, wanaathiriwa na mara ambazo utulivu unavunjwa kuliko na hesabu ya injini ndani ya kundi moja. Anayefanya kazi Serengeti au Mara atalielewa hili upesi: magari 30 yanayopita kwa zamu na magari 30 yaliyomzingira chui mmoja ni idadi ileile, lakini si athari ileile.

Kanuni hiyo pia iliwafungulia kidogo watu wasio na uwezo wa kukodi mwongozaji, au wasiotaka. Kila lango hupokea kundi moja la watu binafsi kwa siku, pikipiki zisizozidi 5, kwa bahati nasibu, baada ya kufaulu mafunzo mafupi ya mtandaoni. Naliona ni jambo la haki. Ardhi ya umma isiwe ya mwenye pesa peke yake.

Nje ya hifadhi, kwenye misitu ya taifa, safari ilichelewa zaidi. Amri ya Rais Nixon ya Februari 1972 iliziagiza idara zipange wapi vyombo hivi vipite na wapi visipite, kwa kupunguza madhara kwa udongo, mimea, wanyama na watumiaji wengine. Lakini Idara ya Misitu, ilipotoa kanuni yake ya magari mwaka 2005, iliwaachia wakuu wa misitu hiari kuhusu vyombo vya theluji. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho ya Idaho ikasema hiari hiyo inakiuka amri ya rais, na Januari 2015 ikatoka kanuni inayogeuza msimamo: pale penye theluji ya kutosha, msitu uchore ramani, na pasipoonyeshwa kuwa pameruhusiwa pawe pamefungwa.

Alaska ina utaratibu wake, na ni haki iwe hivyo. Sheria ya 1980 inalinda matumizi ya pikipiki za theluji kwa shughuli za jadi na kwa safari za vijijini, hata ndani ya maeneo mengi yaliyohifadhiwa. Kwa mwindaji wa kijiji kisicho na barabara, chombo hicho si burudani. Hata hivyo, kiini cha zamani cha hifadhi ya Denali kilifungwa kwa vyombo hivi mwaka 2000.

Kinachonisumbua sasa ni yale maneno "theluji ya kutosha" katika kanuni ya misitu ya 2015. Baadhi ya misitu ya California imeweka kima cha chini cha inchi 12, takriban sentimita 30, kabla ya kuruhusu kuendesha nje ya njia. Theluji nyembamba ikipondwa, mkanda hukwangua miche na udongo, na panya wanaoishi katika nafasi iliyo chini ya theluji hupoteza makazi. Lakini mtelemko mmoja unaweza kuwa na sentimita 50 kivulini na 10 juani. Nani anapima, wapi, saa ngapi, na ana mamlaka ya kufunga eneo asubuhi hiyohiyo? Nikipewa mpango wowote wa msitu kuupitia, huwa naanzia hapo. Kituo cha kupimia kitajwe kwa jina, na cheo cha anayefunga kiandikwe, kabla sijasoma kitu kingine.