Vigingi 651: dhana potofu kuhusu kujifunza kwa tajriba

Tanzania ilianza kuuelekeza mtaala wa sekondari kwenye umahiri mwaka 2005. Kenya ilianza majaribio ya mtaala wa umilisi, yaani umahiri huohuo, mwaka 2017, ikiuaga mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo). Tangu hapo semina hazijakoma, na kila moja inatuambia walimu kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda, kwa kugusa, kwa kugundua. Huko ndiko kujifunza kwa tajriba. Mimi naliamini jambo hili kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana linaniuma ninapoona linaharibiwa, mara nyingine na wanaolibeza, mara nyingi zaidi na wanaolipenda bila kulielewa. Hizi hapa dhana potofu ninazozisikia juu yake.

"Maana yake ni kumwacha mtoto afanye anachotaka"

Hii huja mapema katika vikao vya wazazi. Anayebebeshwa lawama ni John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyefungua shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago Januari 1896, ikiwa na watoto 16 na walimu wawili. Watoto wale walipika, walifuma, walifanya useremala. Ukiishia hapo, utadhani walikuwa wanacheza tu.

Tazama somo moja la pale. Watoto walipewa pamba ikiwa bado kwenye tumba, na sufu kama inavyotoka mgongoni mwa kondoo. Kundi moja likahangaika nusu saa kuchambua nyuzi za pamba kutoka kwenye mbegu, likapata chini ya wakia moja (kama gramu 28). Hapo wakaelewa kwa vidole vyao kwa nini mababu zao walivaa sufu kuliko pamba, na kwa nini mashine ya kuchambua pamba ilibadilisha mambo. Kutoka kwenye nyuzi zile wakaingia katika historia ya uvumbuzi, jiografia ya mazao na sayansi ya nyuzi zenyewe.

Sasa jiulize, nani aliamua waletewe pamba ya kwenye tumba badala ya kitambaa? Ni mwalimu. Alijua ugumu uko wapi, na alijua ugumu ule unafungua mlango gani. Mtoto alikuwa huru kuhangaika, lakini mahali pa kuhangaikia palikuwa pamechaguliwa.

Mwaka 1938, akikaribia miaka 80, Dewey aliandika kitabu kifupi ambacho sehemu kubwa yake ni maonyo kwa watu waliojiita wafuasi wake. Alisema elimu ya kweli hutokana na tajriba, ila si kila tajriba inaelimisha. Zipo zinazomfanya mtu awe mzito wa kujifunza kuliko alivyokuwa. Akasema pia kwamba kuikataa shule ya kukariri hakutoshi. Lazima ujue unajenga nini mahali pake, na ujenzi huo ni mgumu zaidi.

"Ukishatenda, umeshajifunza"

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Neno tunalolitumia zaidi ni "uzoefu", na uzoefu umetoka kwenye kuzoea. Aliyezoea jambo hashangai tena, halitazami tena. Anayevuta maji kisimani kila siku kwa miaka 20 ana uzoefu mkubwa wa kisima, na pengine hajawahi kujiuliza kwa nini maji hushuka kiangazi. "Tajriba" ni neno jingine kabisa: lina mzizi mmoja na "jaribu". Kwenye tajriba kuna kubahatisha jibu, kulipima, kukosea, kuuliza tena. Shule inahitaji tajriba, na tumekuwa tukiipa uzoefu.

Mfano wetu mkubwa ni shamba la shule. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, hakuandika kwamba watoto wapewe majembe wakapalilie. Alitaka shamba liwe sehemu ya masomo: mbolea ifafanuliwe kwenye sayansi na matokeo yake yaonekane kwenye matuta, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Waliosoma miaka iliyofuata wanakumbuka kilichobaki katika shule nyingi. Kengele, jembe, tuta lako hili, ukimaliza unarudi darasani kusoma juu ya ngano ya Kanada. Jembe likawa adhabu ya aliyechelewa namba. Mtoto alilima miaka saba bila hata mara moja kuulizwa kwa nini mstari huu umestawi na ule umedumaa.

Watu wakasema falsafa imeshindwa. Mimi nasema haikupewa nafasi. Iliyoshindwa ni kazi isiyo na swali mbele yake wala mazungumzo nyuma yake.

"Darasa likichangamka, watoto wanaelewa"

Dhana hii niliishi nayo mwenyewe. Mwaka mmoja nilifundisha mzunguko wa maji kwa vikundi. Bangokitita, kalamu za rangi, kila kikundi na mwenyekiti na katibu. Mthibiti ubora aliyekuwa nyuma ya darasa aliandika sifa nyingi. Siku ya pili nikauliza: nguo zikikauka kwenye kamba, maji yake yameenda wapi? Kimya. Kisha mmoja akajibu kwa uhakika: "Yamenyonywa na kamba." Jana yake mtoto huyo alikuwa amechora wingu zuri kuliko wote.

Walichojifunza siku ile ni kuchora mawingu. Akili hufuata kile inachoshughulika nacho, na mimi niliishughulisha na rangi. Ndiyo taabu ya miradi mingi inayopelekwa nyumbani, ile inayoishia kwa mama kununua manila saa mbili usiku na baba kubandika picha kwa gundi. Siku hizi najiuliza swali moja ninapoandaa somo: katika dakika hizi 40, mtoto atakuwa anafikiria nini? Nikijibu "atakuwa anakata karatasi", naanza upya.

"Inawezekana kwenye shule za vifaa na watoto 20 tu"

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndiyo sababu inayotolewa na walimu wazuri kabisa, na wana haki ya kulalamika. Darasa la watoto 82 linachosha. Dewey mwenyewe alisimulia alivyozunguka madukani mjini Chicago kutafuta madawati, mpaka muuzaji mmoja akamwambia hana anachotaka, kwa kuwa yeye anatafuta mahali pa watoto kufanyia kazi na haya yote ni ya kusikilizia. Madawati yetu ni ya kusikilizia, tena watoto wanne kwenye dawati la wawili.

Lakini nje ya darasa kuna ardhi. Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la saba, watoto 82, na kipande cha shamba la shule cha mita 15 kwa 9. Mahindi hupandwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Darasani tulipiga hesabu: 15 gawanya kwa 0.75 ni mistari 20. 9 gawanya kwa 0.30 ni mashimo 30 kila mstari, jumla 600. Wengine wakapitia eneo, mita za mraba 135 gawanya kwa 0.225, wakapata 600 vilevile. Tukakata vijiti 600 vya mwarobaini viwe vigingi, kimoja kwa kila shimo. Tukafunga mafundo kwenye kamba za katani, kila sentimita 30. Gharama ya somo ilikuwa kamba.

Kesho yake asubuhi wakaanza kupigilia vigingi kutoka ukingo hadi ukingo, na vikawaishia. Wakadhani wa darasa la sita wameviiba. Wakahesabu upya mafungu. Wakalaumiana kwamba kamba imelegea. Niliwaacha walaumiane, ila sikuwaacha waondoke shambani. Waliongeza vijiti vingine mpaka kipande kikajaa, wakahesabu: 651.

Nilijua vitapungua. Nilikuwa nimechora nyumbani usiku wa kuamkia siku ile, na nilisema "ukingo hadi ukingo" kwa makusudi. Kimya kilikuwa kirefu kidogo, halafu msichana mmoja ambaye kwa kawaida haongei akasema, "Mwalimu, tulihesabu nafasi. Hatukuhesabu vigingi." Akanyoosha mkono wake: vidole vitano, nafasi nne. Mistari haikuwa 20, ilikuwa 21. Mashimo hayakuwa 30, yalikuwa 31. Zidisha mwenyewe.

Somo halikuishia hapo, kwa kuwa kijana mwingine akauliza lipi sahihi kwa mahindi, 600 au 651? Turudi basi kwenye mmea: hindi la ukingoni linahitaji ardhi pande zote mbili, kwa hiyo anza nusu ya nafasi kutoka mpakani. Tukang'oa, tukaanzia sentimita 37 na nusu upande wa mistari na sentimita 15 upande wa mashimo. Vijiti 600 vikatosha.

Baada ya hapo tulirudi darasani na nikafundisha ubaoni, kwa chaki, mimi nikiongea na wao wakiandika. Niliwapa maswali ya nguzo za umeme, ngazi, siku za kalenda. Hiyo nayo ni sehemu ya kujifunza kwa tajriba. Anayedhani mwalimu wa namna hii hapaswi kueleza chochote hajaielewa. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark walichapisha makala maarufu wakipinga ufundishaji unaomwachia mwanagenzi agundue karibu kila kitu bila msaada. Hoja yao ni kwamba kumbukumbu ya muda, ile inayoshika unachokifikiria sasa hivi, ya mtu asiyejua jambo hujaa haraka, naye huzama. Kwa hilo wako sahihi, na mimi nilikuwa na usiku mzima wa maandalio ili watoto wasizame.

"Watafeli mtihani"

Swali hili lilipimwa Marekani katika miaka ya 1930. Shule za sekondari zipatazo 30 ziliruhusiwa kuachana na masharti ya kawaida ya kuingilia vyuoni na kufundisha kwa njia hizi. Kisha wahitimu wao 1,475 wakalinganishwa chuoni, mmoja mmoja, na wenzao waliofanana nao waliotoka shule za kawaida. Ripoti ya mwaka 1942 ilionyesha kwamba alama zao zilikuwa juu kidogo, na walizidi zaidi katika udadisi na kufikiri. Waliotoka kwenye shule zilizobadilika zaidi ndio waliofanya vizuri zaidi. Lakini zile zilikuwa shule zilizojitayarisha, zenye walimu waliopewa muda wa kukaa pamoja na kupanga. Mtu asikuonyeshe takwimu hizo halafu akakunyima muda.

"Ni mambo ya kigeni"

Muulize mvuvi yeyote wa Pwani alijifunzaje tanga. Tofauti ni kwamba baba yake alimfundisha bahari anayoijua. Shule inapaswa kumfundisha kuuliza hata juu ya bahari asiyoijua.

"Kinachokosekana ni fedha tu"

Fedha zinakosekana, ndiyo. Lakini kuna kitu kingine ambacho semina huruka. Tajriba bila maneno haikamiliki: lazima mtoto aseme alichokiona, abishane, abadili kauli. Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania anafanya hivyo kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yote isipokuwa Kiswahili na machache kama hayo yanageuka kuwa ya Kiingereza, na mtaala unaendelea kudai ajadili, agundue, ahoji.

Yule msichana wa vidole vitano alifaulu, akaenda sekondari ya kata. Nilikutana naye sokoni muhula wa kwanza ulipoisha, nikamuuliza kama anauliza maswali darasani kama zamani. Akatazama chini. "Mwalimu," akasema, "huwa ninalo. Sijui linaanzaje."